Gombo la Mwaka 1711

Nilipokuwa nikisoma Osaka nilipanga chumba katika mtaa wa Ikuno, ambako familia nyingi za Wakorea, hasa zenye asili ya kisiwa cha Jeju, zimeishi tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwenye nyumba wangu alikuwa wa familia hizo, mama mtu mzima aliyezaliwa mtaani hapohapo, nasi wapangaji wote tulimwita Bibi. Jumapili moja alinitaka nimsindikize hadi Makumbusho ya Historia ya Osaka, karibu na ngome kuu ya mji, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba gombo la wajumbe wa Korea limetolewa ghalani, na kwamba halitakaa nje kwa muda mrefu, kwani rangi za zamani huharibiwa na mwanga.

Gombo lilikuwa limelazwa ndani ya kabati la kioo, limefunguliwa sehemu tu, na sehemu iliyobaki imeviringishwa kila upande. Picha ya namna hii husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo Bibi alinishika mkono akanipeleka upande wa kulia, tukaanza kutembea taratibu pamoja na msafara wenyewe.

Kati ya mwaka 1607 na 1811 wafalme wa Joseon, yaani Korea ya wakati huo, walituma Japani misafara 12 ya kibalozi, kila mmoja ukiwa na watu wapatao 300 hadi 500. Kwa kawaida walivuka bahari kutoka Busan hadi kisiwa cha Tsushima, wakapita kwenye bahari ya ndani ya Japani hadi Osaka, wakaziacha meli zao hapo, wakapanda mto Yodo kwa mashua za wenyeji, kisha wakaendelea kwa nchi kavu hadi Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Msafara wa 1711 ulikwenda kumpongeza shogun mpya, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, Tokugawa Ienobu. Mtawala wa Tsushima, ambaye ukoo wake ulikuwa mpatanishi kati ya nchi hizo mbili, ndiye aliyesimamia uchoraji wa maandamano hayo, na kazi ikafanywa na kundi la wachoraji wa Edo chini ya Tawaraya Kizaemon.

Nilikuwa nimetarajia mapambo ya sherehe, na kweli yalikuwapo: bendera, wapiga zumari na ngoma, machela iliyobeba barua ya mfalme kwa heshima ile ile anayopewa mtu. Lakini kilichotushika ni nyuso. Mchoraji hakurudia sura moja kwa watu wote, ingawa angeweza, maana safu ilikuwa ndefu na wengi walikuwa watumishi wasio na cheo. Huyu alikuwa na ndevu chache chini ya kidevu. Yule amekunja midomo kama mtu aliyechoshwa na vumbi. Mvulana mwenye nywele zilizosukwa amegeuza shingo kumtazama aliye nyuma yake. Kando ya vichwa yalikuwapo maandishi madogo ya wino yanayotaja wadhifa. Kandokando ya Wakorea wenye kofia nyeusi za ukingo mpana walitembea watu wa Tsushima na panga zao mbili kiunoni, bega kwa bega, wakishika hatamu za farasi waliopandwa na wageni.

Nilisimama hapo kwenye hatamu kwa muda mrefu. Jeshi la Toyotomi Hideyoshi, aliyeitawala Japani wakati huo, lilikuwa limeivamia Korea mwaka 1592, na vita haikwisha hadi 1598. Kyoto bado kuna kilima ambamo zilizikwa pua za Wakorea zilizokatwa na kupelekwa kama ushahidi wa ushindi. Misafara ya kwanza ilikuwa na kazi ya kuwarudisha nyumbani mateka. Kwangu mimi, uangalifu wa mchoraji juu ya ndevu za mtumishi wa Korea, miaka 113 tu baada ya vita hiyo, ni jambo zito kuliko hotuba yoyote ya urafiki. Mtu hachori hivyo asipotazama vizuri.

Bibi aliniambia kwamba shuleni, wakati wa utoto wake, hakuna mwalimu aliyewahi kuwafundisha kuhusu wajumbe hawa. Wakorea aliosikia wakitajwa ni waliokuja kufanya kazi viwandani, kama baba yake. Alifurahi kujua kwamba gombo hili lilihifadhiwa na Shin Gisu, Mkorea aliyezaliwa Kyoto, ambaye alitumia miaka mingi kukusanya picha na hati za misafara hiyo.

“Kwa hiyo baba yangu alipita njia waliyopita wao,” alisema, akionyesha msafara kwa kidole bila kugusa kioo.

Kabla ya kuondoka alimwuliza mlinzi kama sehemu nyingine za gombo zitafunguliwa. Mlinzi akamjibu kwamba zitabadilishwa baada ya wiki chache, na Bibi akaandika tarehe nyuma ya tiketi yake.