Pembetatu ya mama imerudi

Leo asubuhi nimepitia soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kumsalimia mama. Nimemkuta kanuna, dagaa hawajapimwa, simu kailaza kifudifudi juu ya gunia.

"Mwanangu, hii simu yako imemeza vitufe."

Ni mpya, nilimnunulia mimi wiki iliyopita. Chini haina vile vitatu alivyovizoea: pembetatu (ya kurudi nyuma), duara, mraba.

Tangu Android 10 (toleo la mfumo unaoendesha simu hizi), mwaka 2019, unaweza kuendesha simu nzima kwa kutelezesha kidole, bila vitufe. Mimi naipenda hiyo. Ila mimi sishiki dagaa.

Hebu telezesha kidole chenye mchanga na magamba uone. Mama akitaka kurudi nyuma, anajikuta kwingine kabisa. Juzi mteja wa Shinyanga kasubiri bei mpaka kachoka.

Nikaingia Mipangilio, nikatafuta usogezaji (jinsi ya kwenda na kurudi ndani ya simu), nikachagua vitufe 3. Hata dakika haikuisha.

Kumbe hata mpangilio unabadilishika! Mama hushika simu kwa mkono wa kushoto (wa kulia una kopo la kupimia), basi cha kurudi nyuma nikakihamishia kushoto, chini ya gumba lake.

Akaibonyeza ile pembetatu mara tano, sita, bila kwenda popote. Anacheka tu. Kisha akapangusa kioo kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anampangusa mtoto uso.

Na mimi wiki nzima namwambia "utazoea tu mama" 🙈

Nani mwingine kampa mzazi simu ya kisasa akakimbia? Semeni, nisijione peke yangu.