Kuvuta mbele au kusukuma nyuma: maneno ya dereva wa mabosi

Kazi yangu ni kuendesha watu: mabosi, wageni wao, na mara mojamoja bibi harusi. Kwa kazi hiyo nimeshika karibu kila sedani inayoitwa ya kifahari hapa Dar: Crown, Windom, Mark X, Teana, Mercedes E-Class. Vijana wa kijiweni wakibishana ipi bora, inayovuta kwa magurudumu ya mbele au inayosukuma kwa ya nyuma, huishia kwenye spidi. Spidi ya wapi, na foleni yetu hii? Tofauti ninayoijua mimi iko mikononi mwa dereva na chini ya miguu ya abiria.

Tuanze na mikono. Chukua Crown ile ya 2003 hadi 2008 iliyojaa mjini, inayosukuma nyuma, uiweke kando ya Camry ya 2006, inayovuta mbele. Crown ni ndefu kuliko Camry, na magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yameachana zaidi. Ungetegemea ipate taabu kugeuka. Lakini Crown inageuka kwa nusu kipenyo cha mita 5.2, Camry inataka kama mita 5.5. Sababu ni kwamba magurudumu ya mbele ya Crown hayana shafti wala jointi za kuyazungusha. Kazi yao ni kukata kona tu, kwa hiyo yanakunjika zaidi. Wewe msomaji utasema sentimita thelathini si kitu. Njoo Kariakoo, mkokoteni wa viazi nyuma yako na bodaboda ubavuni, halafu uniambie tena.

Jambo la pili ni uzito. Ukikanyaga mafuta, gari linakaa nyuma kidogo, na uzito unahamia huko. Gari la kusukuma nyuma linaupokea uzito ule pale pale linapouhitaji. La kuvuta mbele, kadiri unavyokanyaga ndivyo magurudumu yanayofanya kazi yanavyopungukiwa uzito. Na kama injini ina nguvu, usukani unavutika mikononi unapotoka kwenye kona. Panda kutoka Mombo kwenda Lushoto, zile kona za kujikunja, utaelewa. Kwenye Windom, inayovuta mbele, nilikuwa nabembeleza mguu ili mzee aliyelala nyuma asiamke. Kwenye Crown nakanyaga taratibu na usukani umetulia tu.

Lakini ukimuuliza aliyekaa nyuma katikati, atakupa jibu lingine. Kwenye gari la kusukuma nyuma, propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma, lazima ipite mahali, nayo inapita chini ya sakafu, ndiyo maana Mark X ina ule mgongo mkubwa katikati. Utadhani Wajapani waliitengeneza wakifikiria watu wawili nyuma. Sisi tunapakia watatu, na wa katikati (siku zote ni shemeji mdogo) anasafiri Dar mpaka Morogoro magoti yamefika kidevuni. Windom na Teana sakafu yake ni karibu bapa. Kama gari ni la familia wala si la bosi anayekaa peke yake na magazeti yake, hapo sibishani na mtu: la kuvuta mbele linashinda.

Na matope je? Hapa mashabiki wa Mark X hunikasirikia. Injini imekaa juu ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo gari la kuvuta mbele linashika vizuri kwenye barabara ya udongo iliyolowa. Mark X tupu inachezesha mkia. Dawa yake ni kuwahamishia nyuma abiria wote na kuweka mzigo kwenye buti. Gari la kuvuta mbele lina udhaifu mmoja, kilima kikali chenye utelezi, kwa sababu mbele panakuwa pepesi. Madereva wa zamani wanajua ujanja: geuza gari, panda kinyumenyume. Watu watacheka, lakini utafika juu. Zipo pia Mark X na Crown za magurudumu yote manne, zilizotengenezwa kwa ajili ya theluji ya Japani. Zinafaa, ila zinakunywa mafuta zaidi.

Kwa fundi, kila moja ina deni lake. Ya kuvuta mbele inamaliza tairi za mbele haraka, maana hizo hizo zinavuta, zinakata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Mpira wa jointi ukichanika, vumbi linaingia, na baada ya muda unasikia kata-kata-kata ukigeuka. Kwenye Teana ya V6, yaani ya silinda sita, injini imelazwa ubavu, maana yake imekaa kwa upana wa gari, na kufikia plagi za nyuma fundi anafungua manifoldi kwanza. Muda wa fundi unalipa wewe. Ya kusukuma nyuma ina propela, krosi (viungo vya propela), beringi ya katikati na difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, na oili ya difu ndiyo watu wengi husahau kabisa kuibadilisha.

Toyota wenyewe wamesita. Mark X waliacha kuitengeneza 2019. Crown ya 2022 ikaja na injini iliyolazwa ubavu na kuendeshwa na magurudumu yote, halafu mwaka uliofuata wakarudisha sedani ya kusukuma nyuma. Cadillac wa Marekani walishapita njia hiyo: miaka ya 1980 walihamia kuvuta mbele, na gari lao la CTS la 2002 likawarudisha kwenye kusukuma nyuma.

Mimi nikinunua yangu itakuwa Crown, kwa kuwa nitakayekaa mbele ya usukani ni mimi. Ukienda kukagua ya kwako, zima redio, omba kuendesha kilomita 60 mpaka 80 kwa saa kwenye lami nzuri, kisha achia mafuta. Ukisikia mvumo chini ya kiti cha nyuma unaobadilika unapoachia, difu imeanza kuchoka. Muuzaji atakwambia zote ziko hivyo. Mwambie apunguze bei.