Deraya Zilizozikwa Visby

Anayetaka kwenda Gotland, kisiwa cha Sweden, mwezi wa Agosti aandae fedha kwanza. Meli kutoka Nynäshamn, kusini mwa Stockholm, inavuka kwa saa tatu na kitu, na nauli yetu ya siku ile ingetutoa Dar es Salaam hadi Kilwa na kuturudisha, mimi na Mjomba, tukala njiani na chenji ikabaki. Chumba tulichopata Visby, mji wa kisiwa hicho, kilikuwa chini ya nyumba ya mtu, dirisha lake usawa wa nyasi, choo cha kuchangia, bei ya hoteli kubwa. Kahawa mbili na maandazi mawili yenye mdalasini vilinifanya nisome risiti mara ya pili.

Tuliangukia ile wiki ambayo mji mzima unavaa mavazi ya zama za kati. Kila kona kuna mtu mwenye upanga kiunoni. Mjomba ni mhunzi, mtoto wa mhunzi, na alipomwona kijana amevaa shati la pete za chuma alimsimamisha. Kijana akamruhusu alishike. Mjomba alilipima uzito mkononi, akazitazama pete moja moja, akaniambia, "Mwanangu, hizi zimekutanishwa ncha tu. Ukivuta kwa nguvu zinaachia."

Nikampeleka makumbusho ya kisiwa, barabara ya Strandgatan. Nilidhani tungekaa saa moja. Tulitolewa wakati wa kufunga.

Kilichomshika ni fuvu la kichwa ambalo bado limo ndani ya kofia yake ya pete za chuma. Kutu imezigandisha pete na mfupa hadi vimekuwa kitu kimoja. Mjomba aliinama mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi zake. Hizi pete, akasema, ndizo zenyewe: ncha zimebondwa, zikatobolewa, zikafungwa kwa kijiribiti kimoja kimoja. Kofia kama hiyo ina maelfu ya pete. Kisha akahamia kwenye deraya, yaani mavazi ya kujikinga vitani, za mabamba. Zilikuwa kama vizibao vya ngozi au kitambaa kizito, chuma kikipigiliwa ribiti kwa ndani. Ngozi imeoza, mabamba yamebaki. Wachimbaji walitoa zaidi ya ishirini za namna hiyo, nyingine za mabamba machache makubwa, nyingine za mamia ya vipande vidogo.

Ndipo akauliza swali ambalo mimi, niliyesoma habari hizi kabla ya kuja, sikuwa nimelifikiria. "Aliyeshinda anaachaje chuma chote hiki ardhini? Hii ni mali. Baba yangu alikuwa anaokota hadi misumari iliyopinda."

Mama mmoja mfanyakazi wa pale alituona tumenata kwenye kioo kile akaja. Nikawa mkalimani. Alieleza kwamba tarehe 27 Julai 1361 jeshi la Valdemar Atterdag, mfalme wa Denmark, liliwakuta wakulima wa Gotland nje ya ukuta wa Visby, likawachinja. Lilikuwa jua la kiangazi. Maiti ziliharibika upesi, zikavimba ndani ya chuma, na wazikaji hawakuweza kuvumilia kuzivua. Wakazitupa mashimoni vilevile. Makaburi hayo yaligunduliwa mwaka 1905, na uchimbaji mkubwa wa mwisho ukafanyika mwaka 1928 hadi 1930. Mifupa ya watu karibu 1,200 ilitoka. Panga na mashoka, ambavyo havihitaji kuvuliwa mwilini, vilikwenda na washindi. Silaha zilizobaki nyingi ni zile zilizokuwa ndani ya watu: vichwa vya mishale mifupi ya pinde za kufyatua, vingine vimekwama kwenye mafuvu.

Mjomba akataka kujua kwa nini mifupa mingi imekatwa miguuni. Yule mama akanyanyua mkono wa kushoto kama ameshika ngao, na wa kulia akaupitisha chini, kwenye muundi. Ngao na deraya vililinda juu, miguu ilikuwa wazi. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo wazee, vilema, na wavulana ambao ndevu hazijaota. Baadhi walivaa deraya za mtindo uliokwishapitwa na wakati. Mjomba akanyamaza muda mrefu, halafu akaniambia nimuulize: wenye mji walikuwa wapi?

Walikuwa ndani. Visby ulikuwa mji wa wafanyabiashara, Wajerumani wengi kati yao, na ukuta wake wa kilomita zaidi ya tatu bado umesimama. Malango yalibaki yamefungwa. Siku chache baadaye walimfungulia mfalme na kulipa.

Jioni tulikwenda kwenye msalaba wa mawe uliosimamishwa mahali pa makaburi. Maandishi yake ya Kilatini yanasema kwamba Wagotland waliouawa na Wadenmark mbele ya malango ya Visby wamezikwa hapo, na kwamba tuwaombee. Mjomba alisoma Fatiha.

Njiani kurudi mazungumzo yakahamia kwetu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, miaka thelathini kabla ya vita ile, akakuta mji mzuri wa biashara, kisiwa kama kile. Julai ya mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida wakauteka. Karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba Malindi kulichimbwa chuma. Kisiwani Kilwa mavi ya chuma yapo ardhini. Lakini jina la mhunzi hata mmoja wa enzi hizo hatuna, na makumbusho ya kazi yao sijayaona. Hilo linaniuma kuliko bei ya chumba.

Tukiwa melini Mjomba aliomba simu ampigie mdogo wake Kilwa Masoko. Hata salamu alizikatisha.

"Ile fuawe ya Baba, na koleo zake, visiuzwe."

Mdogo wake akamjibu kwamba mnunuzi wa chuma chakavu alishapita, akapima kwa kilo, ameahidi kurudi Ijumaa na gari.

"Mwambie asije. Kama alitoa kishika uchumba, mrudishie, mimi nitalipa."

Kisha akanigeukia kuniuliza kutuma pesa kutoka Sweden kunachukua muda gani.