Sindano ikibaki sifuri

Mvua imekatika jioni hii, nikatoa kabatini kisanduku alichoniachia mwalimu wangu wa uuguzi wa macho siku aliyostaafu. Ndani yake imo tonometa ya Schiøtz, kifaa cha kupimia presha ya jicho: kisahani kilichobonyea kuendana na mviringo wa jicho, kijiti cha chuma kinachopita katikati yake, sindano ndefu juu, na vijiwe vya mizani vya gramu 5.5, 7.5 na 10. Vijiwe hivyo ukivishika, vinapotelea kwenye mistari ya kiganja.

Hjalmar Schiøtz, daktari wa Norwei, alikitambulisha kifaa hiki mwaka 1905. Wengi kabla yake walipima presha ya macho kwa vidole: mgonjwa anatazama chini, daktari anabonyeza kope taratibu na kukisia kama jicho ni laini au gumu. Na bila Carl Koller wa Vienna, aliyeonyesha mwaka 1884 kwamba matone ya kokeini yanalitia jicho ganzi, nani angevumilia chuma juu ya jicho lake?

Nilijifunzia hiki hiki. Mgonjwa analala chali, anakazia macho dari. Unamtia tone la ganzi, unasubiri, unafungua kope bila kuligandamiza jicho, unakishusha wima. Jicho likiwa laini, kijiti kinazama na sindano inakwenda mbali. Likiwa na presha linakataa, sindano inabaki karibu na sifuri. Ilinichukua muda kuzoea kwamba hapa namba ndogo ndiyo habari mbaya.

Mama hakuumwa hata siku moja. Alianza tu kugonga mlango kwa bega la kushoto, nasi tukasema ni uzee. Mimi, niliyekuwa nashinda kutwa nikipima macho ya watu, nilisema ni uzee. Tulipompeleka, jicho la kushoto lilikuwa limeshapofuka kwa presha. Jambo hilo bado linaniuma.

Nimekifuta kifaa kwa pamba na spiriti, nikakisimamisha juu ya kile kipande cha chuma cha kujaribia kilichomo humo kisandukuni. Sindano ikatulia sifuri kabisa, kama inavyotakiwa, maana chuma hakibonyei.

Saa tatu hii. Mama ameshaniita mara mbili, anataka tone lake la jicho la kulia kabla hajalala.