Timu Iliyolipwa Ije Ifungwe

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Somo la wiki hii ni Mhubiri 9:10–11. Ni mistari miwili iliyokaa jirani, lakini sisi tumeitenganisha. Wa kumi tunauandika kwenye kadi za mahafali: "Lo lote mkono wako utakalolipata kulifanya, ulifanye kwa nguvu zako." Amina yake huitikiwa na kanisa zima. Wa kumi na moja sijawahi kuuona kwenye kadi yoyote: "si wenye mbio washindao katika michezo, wala si walio hodari washindao vitani," na mwisho wake, "lakini wakati na bahati huwapata wote." Hapo amina inapungua. Bahati? Ndani ya Biblia?

Naomba tuupitishe mstari huo kwenye mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii, futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Huhitaji kujua sheria zake zote. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani unapata pointi 6, na teke la nyongeza linazifanya 7. Ukikwama njiani, unaweza kumwita mpigaji aupige upite katikati ya nguzo za goli, upate 3. Hayo yanatosha.

Jumamosi ya tarehe 7 Septemba 2024, Chuo Kikuu cha Notre Dame, katika jimbo la Indiana, kiliwakaribisha Northern Illinois. Notre Dame ni chuo cha Kikatoliki chenye jina kubwa mno katika mchezo huu. Wiki iliyotangulia walitoka kuwafunga Texas A&M 23-13 ugenini, na kwenye orodha ya timu 25 bora za vyuo walikuwa wa 5. Northern Illinois wanatoka DeKalb, mji mdogo magharibi mwa Chicago. Ligi yao ya wakati ule, inayoitwa Mid-American, haikuwa imewahi kutoa timu iliyomfunga mpinzani aliye ndani ya tano bora. Kampuni za kubeti ziliwapa Notre Dame ushindi wa takribani pointi 28. (Nalitaja hilo kama kipimo tu, asije mtu akasema tafakari ya wiki hii imehubiri mikeka.)

Sasa wadogo hawa walifuata nini pale? Walilipwa. Ndio utaratibu wa kule: chuo kikubwa kinakilipa chuo kidogo kije kucheza ugenini, mechi moja, hakuna marudiano. Mkubwa anapata siku ya kujaza uwanja na ushindi usio na jasho, mdogo anapata fedha za kuendeshea michezo yake. Kwa mechi hii ilitajwa dola milioni 1.4. Kwa lugha ya wazi, walilipwa waje wafungwe, wachukue hundi, wapande basi.

Kuna kitu kingine kuhusu uwanja ule. Ukitazama upande wa kaskazini unaliona jengo la maktaba ya chuo, na ukutani kwake kuna picha ya mawe ya Kristo mfundishaji, yenye kimo cha kama mita 40, ameinua mikono yote miwili. Ilitengenezwa mwaka 1964. Kwa kuwa mwamuzi wa mchezo huu naye huinua mikono hivyo hivyo timu inapofunga, mashabiki wameibatiza picha hiyo "Touchdown Jesus", Yesu wa goli. Tena kocha wao, Marcus Freeman, alirudisha desturi ya timu kusali Misa siku ya mechi. Kwa hiyo kama ushindi unatokana na kukaa karibu na madhabahu, mechi ile ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Haikuwa hivyo. Ethan Hampton wa Northern Illinois alimpasia Antario Brown, na pasi ile ikazaa yadi 83 hadi golini. Mpigaji wao, Kanon Woodrich, akaongeza mateke mawili ya pointi tatu tatu. Notre Dame wakapanda mbele 14-13, na robo ya mwisho ilipokuwa inayoyoma walikuwa na mpira mkononi. Wangeweza kutulia. Badala yake Riley Leonard akarusha pasi ndefu, na Amariyun Knighten wa Northern Illinois akainasa. Kuanzia hapo wageni hawakukimbilia popote. Walisogea yadi chache chache, saa ikila, hadi zikabaki sekunde 31, ndipo Woodrich akapiga teke la yadi 35. 16-14. Notre Dame wakabakiwa na jaribio moja la mbali mno, yadi 62. Mpigaji wao, Mitch Jeter, akapiga, Cade Haberman akauzuia mpira kwa mkono. Haberman huyo huyo alikuwa amemzuia Jeter huyo huyo kabla ya mapumziko.

Kocha wa wageni, Thomas Hammock, alihojiwa pale pale uwanjani huku analia, machozi yanashuka mbele ya kamera na hajaribu kuyaficha. Ni mtoto wa chuo kile. Alikichezea mwenyewe mpaka tatizo la moyo lilipomkatisha mwaka 2002. Baadaye akarudi kuwa kocha, na msimu wa 2020 timu yake ilicheza mechi 6 ikafungwa zote 6. Mtu wa namna hiyo akilia, mwache alie.

Najua mahubiri mengi yangeenda wapi kutoka hapa: 1 Samweli 17, Daudi na Goliathi, na wewe uliye mdogo jitu lako litaanguka wiki hii, mwambie jirani yako. Mimi nasita. Goliathi alikuwa anawatukana majeshi ya Mungu aliye hai. Pale Indiana hakuna aliyemtukana mtu, na walioanguka ndio waliotoka kusali. Halafu tazameni tunavyoisoma habari ile. Kila msomaji ni Daudi. Sijasikia mtu akisimama kusema yeye ni mmoja wa wale askari wa Israeli waliojificha siku arobaini, ingawa kwa hesabu za kawaida ndiko wengi wetu tungekuwa.

Mimi ningewapeleka sura tatu nyuma, kwa Yonathani. 1 Samweli 14, yeye na kijana mmoja mchukua silaha zake wanawaendea Wafilisti walio juu ya jabali. Hana neno la nabii wala mafuta ya kupakwa kichwani. Anamwambia yule kijana kwamba yamkini Bwana atawatendea kazi, kwa kuwa hakuna la kumzuia Bwana asiokoe, wawe wengi au wachache. Kisha mstari wa 13 unasema alipanda kwa mikono yake na kwa miguu yake. Hebu mwoneni mwana wa mfalme akitambaa juu ya mwamba, viganja vimechubuka, na kinywani hana ahadi zaidi ya hiyo yamkini. Uwezo wa Mungu hautilii shaka hata kidogo. Anachokiacha wazi ni kama Mungu amekusudia kuutumia leo, kwa ajili yake. Na bado anapanda.

Siku ile walishinda. Lakini Yonathani yuleyule, na imani yake ileile, aliuawa na Wafilisti wale wale katika mlima Gilboa. Iko kwenye 1 Samweli 31. Biblia haisemi kwamba alikuwa amepungukiwa maombi, wala haimtafutii dhambi ya siri. Sisi tungemtafutia.

Turudi Marekani, maana msimu haukuishia pale. Baada ya ushindi ule Northern Illinois nao waliingizwa kwenye orodha ya 25 bora. Wakapumzika wiki moja. Tarehe 21 Septemba wakacheza nyumbani kwao na Buffalo, timu ya ligi yao, ambayo safari hii ndiyo haikuwa kwenye orodha. Wakafungwa 23-20 katika muda wa nyongeza. Hata mwezi haujapita tangu yale machozi! Kama yupo aliyeandaa mahubiri ya jitu lililoanguka, ilibidi ayafunge haraka, kwa sababu wiki mbili tu zilitosha kumfanya Daudi avae viatu vya Goliathi.

Na Notre Dame? Watu walishawazika. Jumamosi iliyofuata wakawafunga Purdue 66-7, wakaendelea kushinda mechi baada ya mechi, wakaingia mtoano wa ubingwa wa taifa. Wakawatoa Chuo Kikuu cha Indiana, wakawatoa Georgia. Tarehe 9 Januari 2025, nusu fainali dhidi ya Penn State, matokeo yalikuwa 24-24 na sekunde zilizobaki zinahesabika. Akaitwa mpigaji. Ni Jeter, yule aliyezuiwa mara mbili siku moja. Yadi 41. Ukapita, zikiwa zimesalia sekunde 7, na Notre Dame wakaenda fainali.

Mngependa niishie hapo, hata mimi ningependa. Lakini fainali ilichezwa tarehe 20 Januari, Atlanta, dhidi ya Ohio State. Katika robo ya mwisho Notre Dame wako nyuma 31-15, Jeter anaitwa tena, safari hii kwa yadi 27 tu, karibu kuliko zote nilizozitaja. Mpira ukagonga nguzo. Wakafungwa 34-23. Mguu ni ule ule. Mazoezi ni yale yale, na Misa ni ile ile. Ukimsomea kijana huyo Mhubiri 9:11 nadhani hatahitaji ufafanuzi.

Linalonisumbua katika haya ni namna tunavyoomba na namna tunavyoshuhudia.

Tuanze na kuomba. Wapenzi wa soka mnaijua kamati ya ufundi, wale watu ambao si makocha, hawafundishi kupiga krosi, kazi yao ni kuhakikisha matokeo kwa njia ambazo hazisemwi mchana. Tunawacheka. Ila kuna mkesha unaofanana nao sana: tumefunga, tumekemea, tumepaka mafuta fomu za maombi ya kazi, na moyoni tunaamini Mungu sasa ana deni. Kazi isipopatikana tunatafuta mchawi, au tunamwambia muombaji imani yake ilikuwa ndogo. Yonathani aliomba bila kudai. Na Mhubiri, ambaye katika mstari wa 11 amekunyima uhakika wa matokeo, katika mstari wa 10 hajakupunguzia kazi hata robo: kwa nguvu zako, anasema, kwa mkono wako. Kama ni kusoma, soma. Kama ni kupeleka barua za maombi ya kazi ofisi kumi, zifike zote kumi.

Kuhusu ushuhuda nina neno kali kidogo, mnivumilie. Kipaza sauti chetu cha Jumapili kina upendeleo. Aliyepata viza anaitwa mbele, aliyefaulu anaitwa mbele, aliyejifungua salama anaitwa mbele, na ni haki yao, tuwapigie makofi na vigelegele. Lakini pembeni, benchi la nyuma, amekaa dada aliyenyimwa viza na ubalozi ule ule, wiki ile ile, baada ya maombi yale yale ya siku tatu, tena mengine alifunga pamoja na mwenzake. Anapiga makofi. Hakuna anayemuuliza Mungu alikuwa wapi katika habari yake, na baada ya miezi michache hatumwoni tena ibadani. Tumemfundisha, bila kutamka, kwamba Bwana anaishi upande wa washindi.

Kristo wa ule ukuta ana mikono juu saa zote. Ilikuwa juu wakati Leonard anaporusha pasi mbaya na ilikuwa juu Haberman alipouzuia mpira. Shabiki akipenda ataiona kama ishara ya goli. Kwangu mimi mikono iliyoinuliwa ni ya kubariki, na pale uwanjani hapakuwa na timu moja tu.

Pendekezo langu kwa wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya: Jumapili hii, baada ya shuhuda za kawaida, mpeni nafasi mtu mmoja ambaye alifanya kwa nguvu zake zote na hakupata. Asilazimishwe kumalizia kwa "lakini najua Mungu ananiandalia kikubwa zaidi." Aseme tu kilichotokea, na kanisa liimbe naye wimbo mmoja.

Tuombe.

Ee Bwana, tunakuletea wanaosubiri majibu wiki hii, ya mitihani, ya vipimo vya hospitali, ya mahakama na ya usaili. Wape nguvu mikononi ya kumaliza sehemu yao. Utakayempa, umpe na shukrani. Utakayemnyima, usimwache akae peke yake kwenye benchi la nyuma. Ututume tukakae naye. Katika jina la Yesu, Amina.