Oili ilionekana chini, chanzo kilikuwa juu

Corolla 100 ya mwaka 1994 ikivuja oili, hapa Mbeya hakuna anayeshtuka. "Magari ya zamani ndivyo yalivyo," unaambiwa, "wewe ongezea oili, safari iendelee." Kauli hiyo inanikera. Oili haipenyi chuma kizima. Inatoka pale mpira ulipokauka, bolti ilipolegea au upepo wa ndani ya injini ulipokosa njia ya kutokea, na hapo mahali panatafutika.

Kilichonisukuma zaidi ni harufu. Nikipanda kutoka Uyole kwenda Isyonje, ule mlima wa barabara ya Tukuyu, harufu ya oili inayoungua ilikuwa inaingia mpaka ndani, na nikisimama moshi mwembamba unafuka upande wa ekzosi. Halafu Juni ikaingia na baridi yake. Mpira uliokwisha kuwa mgumu husinyaa zaidi usiku wa baridi, na asubuhi nikawa naona doa sakafuni limeongezeka. Nikatandika kipande cha boksi chini ya gari. Matone yalikuwa meusi yanayovuta kwenye ukahawia, bila ule uvundo wa oili ya giaboksi. Kwa hiyo ni oili ya injini, na yalidondokea pale injini inapoungana na giaboksi.

Fundi wa kwanza alilala chini, akamulika tochi, akainuka na jibu: sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea kwenda kwenye klachi, imekufa. Giaboksi ishuke, na ikishashuka tubadilishe na klachi moja kwa moja. Jibu lenyewe halikuwa la ajabu, maana sili hiyo ikifa oili huonekana palepale. Ila ni kazi kubwa, ya pesa nyingi, na injini nzima ilikuwa imeganda matope ya oili na vumbi. Kwenye injini ya namna hiyo unajuaje tone limeanzia wapi? Nikamshukuru, nikaondoka.

Nikampelekea mzee mmoja mwenye gereji ya uani, maeneo ya Mwanjelwa. Nilimwamkia, nikamweleza yote, naye akafungua boneti akatazama bila kugusa kitu. "Mwanangu, hapa hatujui chochote bado," alisema. "Tuoshe, tuanze kutafuta kutoka juu."

Tukasubiri injini ipoe. Distribyuta, inayogawa moto kwenye plagi, na alteneta, inayozalisha umeme wa gari, zikafungwa mifuko ya nailoni zisiingie maji, kisha ikawa kazi ya brashi na mafuta ya taa, sabuni, maji kidogo, halafu upepo wa kompresa mpaka kila kona ikakauka. Baada ya hapo akatoa kopo la poda ya watoto, akanyunyiza kuzunguka tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, chini ya distribyuta na kwenye maungio ya giaboksi. Injini ikawa nyeupe. Akaniambia niende nayo Uyole na kurudi, bila haraka.

Tulipofungua tena boneti, mambo yalikuwa wazi. Kwenye ile poda ulikuwepo mstari mmoja wa kahawia, mwembamba kama uzi, umeanzia pale distribyuta inapoingia kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Umeshuka taratibu, umepita mgongoni mwa giaboksi, umezama kwenye maungio. Mstari mwingine ulitoka ukingo wa tapeti kava na kudondokea kwenye ekzosi, na harufu ya mlimani ikapata maelezo. Kisha mzee akapitisha kitambaa kwenye kitundu cha chini cha nyumba ya klachi. Kilitoka kikavu, na vumbi la klachi tu. Sili ya krenki ilikuwa nzima.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Kabla ya kufungua distribyuta alichora alama kwa rangi, ili irudi palepale na plagi ziendelee kuwasha kwa wakati wake, kisha akalegeza bolti zake mbili. Ile pete ya mpira iliyokuwa ndani ilikuwa ngumu kama plastiki. Nilipoikunja ilikatika vipande mkononi. Mpya ilipakwa oili kidogo, ikaingia.

Kwenye tapeti kava ndiko nilikompenda yule mzee. Mafundi wengi hupaka siliko, ile gundi ya kuzibia, kuzunguka gasketi yote, wakiamini ikiwa nyingi ndiyo imara. Siliko iliyozidi humegukia ndani, hushuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini ikikosa oili hapo umeua injini kwa kutafuta dawa ya tone. Yeye alikwangua gasketi ya zamani kwa subira, akaweka siliko kidogo sana kwenye pembe tu, kisha akakaza nati kidogo kidogo kwa kupishanisha. Ukibana kwa nguvu, mpira unapondeka na kava linapinda.

Nilidhani tumemaliza. Akachomoa ile valvu ndogo ya kupumulia iliyo juu ya injini, akaitikisa karibu na sikio langu. Kimya. Valvu nzima hugonga-gonga ukiitikisa. Hii ilikuwa imegandishwa na masizi. Injini isipopumua, upepo unaovuja kupita kwenye ringi za pistoni hujaa ndani na kuisukuma oili itokee popote penye udhaifu. Tungeiacha hivyo, gasketi mpya nazo zingeanza kuvuja. Tukanunua nyingine, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko galoni moja ya oili. Nawaomba wenye magari ya umri huu: mwambieni fundi aitazame hiyo valvu kabla hajabadilisha sili yoyote.

Tangu siku hiyo nimepanda Isyonje tena na tena, harufu haipo, na oili kwenye dipstiki inasimama palepale. Sampo bado lina unyevu kidogo ubavuni, lakini halidondoshi, kwa hiyo tumeliacha. Mzee anataka nimpelekee gari siku ya kubadilisha oili, aliweke juu ya shimo akaze bolti za sampo, na nije na dumu la kukingia oili chafu, maana hataki imwagwe mtaroni.