Kange hadi Mbezi na kurudi: mgomo wa madereva huanzia wapi

Kutoka stendi ya Kange, Tanga, hadi stendi ya Mbezi Luis, Dar, ni kilomita 350 hivi, ukipitia Muheza, Hale, Segera, Kabuku, Mkata, Wami, Chalinze na Kibaha. Mwendo wa basi unaoruhusiwa ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Ongeza vituo vya ukaguzi na foleni ya kuingia Dar, dereva anakaa kwenye usukani masaa sita, mara nyingine zaidi. Kanuni inadai dereva wa pili pale safari inapozidi masaa nane. Tanga–Dar haifiki huko, kwa hiyo basi linaondoka na dereva mmoja na karatasi zote ziko sawa.

Tatizo ni kugeuza. Aliyetoka Kange saa 12 asubuhi anashusha abiria mchana, na saa 8 yuleyule anapakia wa kurudi. Anaingia Tanga saa 2 usiku. Kila safari ukiitazama peke yake haina kosa, lakini siku nzima ni masaa 14, na kesho saa 12 asubuhi anatakiwa tena mlangoni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haitazami safari, inatazama siku ya mfanyakazi. Kazi ya kawaida ni masaa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6. Hata ukiongeza saa za ziada, mtu haruhusiwi kufanyishwa kazi zaidi ya masaa 12 kwa siku moja. Akifanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo anastahili kupumzika saa nzima. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena yapite masaa 12. Dereva wetu amepata 10, na humo ndani kuna kukabidhi fedha na vipeto, kuoga, kula, kufika nyumbani mtaa wa Sahare au Mikanjuni na kurudi stendi kabla ya adhana ya alfajiri. Usingizi uliobaki ni masaa matano, na deni lake linadaiwa mchana wa kesho, jua kali, abiria wote wamelala. Tunaosafiri na familia zetu kwenye njia hii tungepaswa kuuliza dereva amelala wapi na muda gani kabla ya kuuliza nauli.

Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku, Oktoba 2023, kuna haki nyingine ambayo haidaiwi inavyopaswa: kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Asilimia 5 ya nini, kama mshahara wa msingi haujaandikwa popote? Hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Dereva wengi hulipwa posho ya safari, au hubakiwa na kinachozidi hesabu, yaani kiasi ambacho tajiri, mwenye gari, anataka kila siku. Kwenye daladala za mjini ndivyo ilivyo siku zote. Tuseme hesabu ni 50,000: kwanza mafuta, kisha hesabu, kisha konda, kinachobaki ndicho cha dereva. Faini moja ya trafiki ni 30,000, na siku hiyo imekwisha. Basi usishangae anapokimbia, anapojaza, anapogombea abiria wa njiani. Mfumo wa malipo ndio unaomsukuma, halafu tochi ya trafiki ya kupima mwendo inamsubiri mbele.

Gari likiharibika, hakuna safari na hakuna posho. Akiugua, deiwaka, dereva wa kutwa asiye na mkataba, anakalia kiti chake, na anaweza asikipate tena. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa kawaida ni asilimia 20 ya mshahara na angalau nusu yake hutoka kwa mwajiri, hauendi, kwa kuwa hakuna mshahara wa kukokotolea.

Ukiyajua haya, migomo ya mwaka 2015 inaeleweka. Tarehe 10 Aprili mabasi yalisimama nchi nzima. Cheche ilikuwa agizo la dereva kurudi darasani kila anapohuisha leseni. Waziri wa Kazi wa wakati ule, Gaudensia Kabaka, akatangaza kulifuta na magari yakaondoka. Lakini hata mwezi haukupita: tarehe 4 Mei yalisimama tena, na safari hii madai makubwa yalikuwa mikataba ya ajira. Darasa lilikuwa jambo la juu tu.

Watu hulaumu kwamba madereva hugoma ghafla, abiria wakiwa na mizigo mkononi. Lawama hiyo ni ya haki kwa abiria. Mgomo halali una njia yake: mgogoro wa kimaslahi, yaani wa kudai malipo au masharti bora, upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, muda wa usuluhishi wa siku 30 upite, chama cha wafanyakazi kipige kura na wengi waunge mkono, kisha mwajiri apewe taarifa ya masaa 48. Usafiri wa abiria haumo kwenye orodha ya huduma nyeti zilizokatazwa kugoma. Ila njia yote hiyo inadai chama na mwajiri anayekubali kwamba yeye ni mwajiri. Deiwaka hana kimojawapo, kwa hiyo silaha yake ni kuzima gari getini.

Lakini asiye na karatasi si kwamba hana haki. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa kwa dalili moja tu: saa zake kupangwa na mwingine, kupewa chombo cha kazi, au kumfanyia mtu mmoja wastani wa masaa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Na mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi mbele ya tume, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Akikata fedha kwa kioo kilichovunjika, lazima kosa liwe la dereva, aelezwe kwa maandishi, apate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo.

Kwa hiyo dereva aweke ushahidi: meseji za malipo ya simu, risiti za mafuta, karatasi za faini zenye namba ya gari, picha ya ratiba. Kitufe cha kumtambulisha dereva kwenye mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mabasi, ambacho wengi wanakichukia, kinaweza kuonyesha nani aliendesha na kwa masaa mangapi. Naona ni shahidi wao mzuri kuliko wote.

Aliyeachishwa ana siku 30 za kufika CMA, na madai mengine siku 60. Fomu ni CMA F.1. Mwajiri hupelekewa nakala kwanza, na uthibitisho kwamba ameipokea huambatanishwa ndipo fomu isajiliwe. Akikataa kusaini, usirudi nyumbani: waulize maofisa wa tume njia nyingine ya kumfikishia, maana siku 30 zinaendelea kuhesabiwa.